Kalenda ya Mwaka Jana Haitupwi

Mwisho wa kila mwaka, siku moja au mbili kabla ya shule kufungwa, nyuma ya jikoni letu huwashwa moto. Si moto wa kupikia githeri. Ni moto wa shimo la taka. Humo hutiwa madaftari yaliyojaa, karatasi za mitihani ambazo wenyewe hawataki zionekane nyumbani, majarida ya maktaba yaliyopoteza kurasa za mwanzo na za mwisho, mifuko ya unga, na kalenda za ukutani ambazo siku zake zimekwisha. Upepo wa hapa Doldol mnaujua wenyewe. Unashuka kutoka vilima vya Mukogodo, unazoa majivu na kuyatandaza juu ya mashati meupe tuliyoanika. Basi mnafua mara ya pili.

Siku moja nilitumwa kupeleka katoni ya taka hizo shimoni. Juu kabisa palikuwa na kalenda ya duka moja la Nanyuki, kubwa, yenye maua mekundu na ya manjano, karatasi yake nzito na inang'aa. Nikasita. Sisemi nilikuwa na hekima yoyote. Nilitaka tu jani moja la kufunikia daftari langu la hesabu. Nikalichana hilo jani, na mengine nikayaficha chini ya kitanda. Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipoyaona hakunikemea. Alikata kipande kidogo, mfano wa tikiti ya matatu, akakikunja mara tano au sita hivi na kunikabidhi pembetatu ndogo iliyotoshea kwenye ncha ya kidole. Kisha akakunja ya pili, akaichomeka ndani ya ile ya kwanza. Zikashikana. Akatikisa. Hazikuachana. Hakuna gundi, hakuna uzi, hakuna pini.

"Haya," akasema, "kunja nyingine mia tatu."

Makala haya yanahusu hizo pembetatu mia tatu: zinavyokunjwa, karatasi gani inafaa, na kwa nini mimi siku hizi sikubali kumwambia mtu kwamba huu ni mchezo wa watoto.

Kwanza neno lenyewe, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Sisi husema kukunja karatasi, kukunja shuka, kukunja mkeka, kukunja ngumi, kukunja uso. Karatasi hulazwa upande juu ya upande, mkeka huviringishwa, ngumi hufumbwa, na bado kitenzi ni kile kile kimoja. Tukitaka kurudisha kitu kilivyokuwa tunasema kukunjua, kama vile funga huzaa fungua na ziba huzaa zibua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Mtu mwenye uso uliokunjuka tunamwita mkunjufu. Lakini karatasi haitii sarufi. Ukiikunjua, alama ya mkunjo hubaki pale pale. Nyuzi zake zimekwisha kuvunjika kwenye ule mstari, na kila ukirudi itataka kukunjika hapo hapo. Mkunjaji huitumia tabia hiyo: anakunja, anakunjua, na ile alama inakuwa rula yake ya hatua inayofuata.

Sasa, ufundi huu wa pembetatu zinazochomekana una jina la meli, na meli yenyewe ilipitia kwetu Kenya. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani ni porojo. Kumbe ni kweli, na habari yenyewe ni nzito.

Mwaka 1992 meli iitwayo Najd II iliingia Mombasa ikiwa mbovu. Ndani yake mlikuwa na Wachina, wengi wao kutoka jimbo la Fujian, waliokuwa wakisafirishwa kwa siri kwenda Marekani baada ya kuahidi kuwalipa wasafirishaji maelfu mengi ya dola. Meli haikuweza kuendelea. Watu hao walikwama pwani yetu kwa miezi mingi. Mwaka 1993 ikaja meli nyingine, Golden Venture, ikawachukua takriban 200 kati yao, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini kabisa mwa Afrika, ikakata bahari ya Atlantiki. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1993 ilikwama kwenye mchanga wa Rockaway, New York, ikiwa na abiria 286. Wengi waliruka majini ilhali maji yalikuwa baridi kupindukia. Watu 10 walikufa. Waliosalia, badala ya kuingia katika ile nchi waliyoiota, waliingia kizuizini.

Kundi moja kubwa la wanaume lilipelekwa katika gereza la kaunti ya York, jimbo la Pennsylvania. Huko walikaa wakingoja kesi zao. Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Sasa fikiria, msomaji: huna kazi, huna jembe, lugha ya askari huijui, na hujui kama kesho utaachiliwa au utarudishwa ulikotoka. Ulicho nacho ni karatasi. Majarida ya zamani, karatasi zenye mistari za ofisini, hata karatasi za msalani. Baadhi yao walikuwa wanaijua sanaa ya kukunja ya kwao, kwa maana ufundi huu ulikuwapo Uchina kabla yao. Wakawafundisha wenzao. Wakaanza kukunja vipande vidogo vya rangi kutoka majarida hayo, wakavichomeka kimoja kwa kimoja mpaka vikawa tai aliyetandaza mabawa, ndege ndani ya vizimba, miti, na Sanamu ya Uhuru ambayo wao wenyewe walikuwa wamefungiwa wasiifikie. Kazi za mwanzo waliwapa zawadi mawakili waliokuwa wakiwatetea bila malipo. Baadaye maelfu ya kazi hizo yalitengenezwa. Zikafanyiwa maonyesho, zikauzwa, na pesa zikasaidia kugharimia kesi.

Hapa nataka tusidanganyane. Si karatasi iliyowafungulia mlango. Wengi wao walirudishwa Uchina kabla ya hapo. Walikuwapo mawakili waliosumbuka mahakamani, na wakazi wa York waliokusanyika nje ya gereza mara kwa mara kuwaombea na kuwapigia kelele wakubwa. Mwishowe, Februari 1997, Rais Bill Clinton aliamuru waachiliwe wale waliosalia, zaidi ya 50, baada ya karibu miaka minne. Lakini naamini karatasi ilifanya jambo ambalo maombi ya mahakama hayafanyi. Jina gumu la kigeni kwenye faili halimgusi mtu. Tai aliyetengenezwa kwa vipande elfu vya jarida lililotupwa, huyo unamweka juu ya meza, unamwangalia, halafu unauliza: ni nani huyu aliyekaa akakunja vyote hivi, na kwa nini yumo ndani? Baadhi ya kazi hizo zimehifadhiwa New York katika makumbusho ya Wachina wa Marekani, na mpaka leo wakunjaji wa nchi za nje huuita ufundi huu kwa jina la ile meli. Meli yenyewe ilizamishwa mwaka 2000 karibu na pwani ya Florida iwe makao ya samaki.

Wanaume hao walitumia majarida yaliyokuwa yakitupwa. Sisi tunayo kalenda, na tunalo shimo. Haya basi, tukunje.

Chukua karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297. Ikunje katikati mara nne mfululizo, kila mara ukiugawa ule upande mrefu, kisha uikate kwenye alama za mikunjo. Utapata vipande 16, kila kimoja takriban milimita 52 kwa 74. Kuna siri nzuri hapa kwa wapenzi wa hesabu. Ukigawanya upande mrefu wa A4 kwa upande mfupi unapata karibu 1.41, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ndiyo sababu kila ukiikata nusu, umbo linabaki lile lile, dogo tu. Waliobuni vipimo hivi walitusaidia bila kujua. Kalenda kubwa ya ukutani ya A2 ni sawa na A4 nne, kwa hivyo jani moja hutoa vipande 64. Kalenda ya majani sita inakupa vipande 384. Na daftari la A5 la kurasa 96? Lina majani 48, kila jani vipande 8. Piga hesabu mwenyewe uone: ni 384 vile vile!

Weka kipande mbele yako, upande wa picha ukitazama meza. Ukunje kwa urefu, ukingo mrefu juu ya ukingo mrefu, ili upate ukanda mwembamba wenye picha pande zote mbili na weupe umefichwa ndani. Hatua hii usiikosee. Ukiikosea, kazi yako yote itakuwa nyeupe kama karatasi ya mtihani uliyoiacha wazi. Halafu ukunje ukanda huo katikati kwa upana, ukunjue. Umepata alama ya katikati.

Sasa ulaze ukanda huku ukingo uliokunjwa ukiwa upande wa juu. Shika nusu ya kulia, ukaishushe chini mpaka ukingo wake wa juu ulale sawasawa juu ya ile alama ya katikati. Fanya hivyo na nusu ya kushoto. Unaona umbo la paa la nyumba, na chini yake mikia miwili imening'inia. Geuza upande wa nyuma. Pembe za nje za ile mikia zikunje kidogo kwa ndani zisije zikatokeza, kisha ikunje mikia yenyewe kwenda juu mpaka ilale juu ya paa. Una pembetatu moja pana. Ikunje katikati, mikia ikibaki ndani. Kwisha.

Kiangalie ulichonacho. Upande mmoja kina ncha mbili zilizolala pamoja kama mdomo wa ndege. Upande wa pili, kwenye mgongo wa mkunjo wa mwisho, kuna mifuko miwili, mmoja kila upande. Ncha za kipande kimoja huingia katika mifuko ya kingine. Kinachozishika ni msuguano tu, pamoja na ile hamu ya karatasi iliyokunjwa ya kutaka kukunjuka. Karatasi inasukuma nje, mfuko unaibana, na katika ugomvi huo chombo kinasimama.

Wachina wa York hawakuwa na nafasi ya kuchagua karatasi, lakini sisi tunayo. Na hapa wengi huharibikiwa. Karatasi ya gazeti ni laini mno. Inakunjika vizuri, lakini mfuko wake hauna nguvu ya kubana, na wino wake unakuacha na vidole vya fundi wa magari. Mfuko wa unga wa kilo mbili ni kinyume chake: karatasi ni nene, na ukifika mkunjo wa mwisho kipande kinavimba kinakataa kufunga. Tunautumia kwa vikapu vya kusuka, si kwa pembetatu. Karatasi ya kawaida ya chapa, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, ndiyo rafiki wa anayeanza. Madaftari yetu yaliyoandikwa yanafaa sana, na usidhani hayana nakshi. Wino wa buluu ukikatwakatwa unakuwa kama mvua, na mikwaju myekundu ya mwalimu inameta hapa na pale. Daftari langu la hesabu, kwa bahati mbaya, lina nakshi nyekundu nyingi kuliko la mtu yeyote.

Kalenda ndiyo yenye rangi za kupendeza, ila ina matatizo mawili. Kwanza inateleza, kwa hivyo kila kipande lazima ukibane kwa kucha au kwa mgongo wa kijiko mpaka mkunjo uwe mkali. Pili, rangi yake hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Hilo hutusumbua sisi zaidi kuliko watu wa Mombasa, kwa sababu hewa ya huku ni kavu na karatasi kavu huvunjika upesi. Dawa yake tuliigundua kwa bahati. Kuna wiki tuliacha majani ya kalenda chumbani palipoanikwa nguo mbichi usiku kucha; asubuhi yalikuwa laini na hayakupasuka tena. Siku hizi tunafanya hivyo makusudi. Vilevile angalia mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Chana kipande cha majaribio kwa urefu, halafu kingine kwa upana. Mchano ulionyooka unakuonyesha nyuzi zilikoelekea. Ule mkunjo mrefu wa kwanza ukifuata nyuzi, unalala kama umepigwa pasi.

Na picha? Sahau picha. Hili lilinichukua muda kulikubali. Nilikuwa nikikata kwa uangalifu ili ua zima libaki kwenye kipande kimoja, lakini baada ya mikunjo yote kinachoonekana nje ni eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ua limekuwa doa jekundu. Sura ya mheshimiwa fulani kwenye kalenda imekuwa doa la kahawia. Basi usichague picha, chagua rangi. Tenga vipande katika mabeseni: vyekundu huku, vya buluu huku, vyeupe na vya kijivu huku. Nakshi utaiunda mwenyewe kwa kuhesabu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba jambo hili halikuwa geni kwetu hata kidogo. Shanga moja haina nakshi. Akina mama wa Mukogodo huketi chini ya mti na vibakuli vya shanga, nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, chungwa, na nakshi yote imo katika hesabu: ngapi nyekundu kabla ya nyeupe, ngapi nyeupe kabla ya buluu. Utaambiwa nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu na ushujaa, buluu ni mbingu iletayo mvua. Lakini kabla ya maana kuna idadi. Ukikosea idadi, maana nayo inapinda.

Chombo cha maua cha kuanzia hujengwa kwa mizunguko, kila mzunguko vipande 30. Tunachagua 30 kwa kuwa inagawanyika kwa 2, 3, 5, 6, 10 na 15, kwa hivyo nakshi karibu yoyote inarudi ilikoanzia bila kubaki wala kupungua. Mizunguko miwili ya kwanza hujengwa kwa pamoja. Weka vipande viwili sambamba. Kipande cha tatu kipokee ncha ya kulia ya cha kwanza katika mfuko mmoja, na ncha ya kushoto ya cha pili katika mfuko mwingine. Ongeza cha nne kando, na cha tano kiwaunganishe, uendelee hivyo hivyo. Mwanzoni kitu kizima kinalegea na kutamani kuanguka. Usikate tamaa, na usiombe gundi. Ukifika 30 na kufunga duara, ghafla kinakaza. Kuanzia hapo kila mzunguko hukaa juu ya mwenziwe kama matofali, kila kipande katikati ya viwili vya chini. Kwa sababu hiyo mstari wa wima ulionyooka haupatikani. Utapanda ukiyumba kulia na kushoto. Mstari wa mshazari ndio unaokuja wenyewe, na kutokana na mishazari miwili unapata almasi, kutokana na almasi unapata ukanda unaofanana kabisa na mkufu. Mizunguko 12 ni vipande 360. Kalenda moja imetosha, na vipande 24 vimebaki vya akiba.

Sasa niwasimulie aibu yetu. Siku ya wazazi tulikuwa tumeahidi kuweka chombo kikubwa juu ya meza ya wageni, chenye almasi nyekundu tano kuuzunguka mwili, almasi moja kila vipande sita. Tulipokezana usiku, huyu anakunja, yule anachomeka. Tulifika mzunguko wa nane na almasi ya tano ilikuwa inakataa kufunga. Kila mtu alimlaumu mwenziwe kwa kuchanganya rangi. Tulibadilisha vyekundu kwa vyeupe, vyeupe kwa vyekundu, wapi! Asubuhi yake nyanya wa mwenzetu mmoja, ambaye ameshona shanga tangu ujana wake, alisimama pale mezani akitutazama tukihangaika.

"Mjukuu wangu," akamwambia mwenzetu, "chini kabisa mmeongeza moja."

"Nyanya, umehesabu saa ngapi? Si umefika sasa hivi?"

"Sijahesabu. Jicho limekataa."

Tukahesabu mzunguko wa kwanza. Ulikuwa na vipande 31. Na 31, kama mjuavyo, ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Kosa lilifanywa usiku wa kwanza, pengine mtu alikuwa akipiga hadithi, na mizunguko saba iliyofuata ilijengwa juu yake kwa uaminifu mkubwa. Hakuna mahali pa kuchomoa kimoja tu. Ilitubidi tubomoe kila kitu, vipande 248, na wageni walikuwa wanaingia getini baada ya saa moja.

Hatukumaliza. Mezani tuliweka mizunguko minne na beseni la vipande. Kusema kweli niliona haya, ila nimejifunza jambo la ufundi ambalo sikulikuta popote: vipande vilivyochomolewa bila kuharakisha hutumika tena, na mara ya pili vinashika vizuri zaidi kwa kuwa mifuko imeshazoea kufunguka. Nyanya yule alikaa nasi kwenye benchi. Alikunja vipande sita, vyote sawasawa, akatuambia kucha zetu ni fupi mno kwa kazi hii.

Wapo watakaouliza, je, kuna pesa humo? Swali halali. Mfano wa karibu ni Kampala. Katika mtaa unaoitwa Acholi Quarter, huko Banda, wamekuwa wakiishi wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Wengi walikuwa wakiponda mawe ya kokoto kwenye machimbo. Wakawa pia wanatengeneza shanga za karatasi kutokana na mabango na majarida. Ufundi wenyewe ni wa kuviringisha, yaani kukunja kwa maana ile ya mkeka. Unakata ukanda mrefu wa pembetatu, unauzungusha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, unatia gundi mwishoni, unapaka vanishi. Pembetatu inakupa shanga iliyonenepa katikati. Ukanda wa mstatili unakupa mcheduara. Mwaka 2004 lilianzishwa shirika la BeadforLife lililokuwa likiwauzia shanga hizo nchi za nje. Kwa hivyo soko linaweza kupatikana, lakini angalieni, walipaka vanishi. Chombo chetu cha pembetatu hakistahimili maji wala safari ya matatu kutoka hapa hadi Nanyuki kikiwa mapajani mwa abiria. Anayetaka kuuza na aanze na vitu vidogo, kwa mfano batamaji wa vipande vichache, na ajue kwamba mnunuzi hatamlipa saa zake zote. Kazi ya vipande 360 hunichukua jioni nne au tano, na mimi si mvivu.

Chombo kile cha siku ya wazazi tumekianza upya, safari hii duara la kwanza limehesabiwa na watu watatu tofauti. Tuko mzunguko wa tisa. Vyeupe tunavyo vya kutosha, vya buluu vipo, lakini vyekundu vimetuishia na tunahitaji kama 40 hivi. Mwenye kalenda ya mwaka jana yenye maua mekundu, au daftari la hesabu kama langu, asilipeleke shimoni. Alete chumba cha chama siku ya Alhamisi baada ya michezo. Rula tunazo. Madirisha yatafungwa kwa ajili ya upepo.